Ombi la Kushushwa kwa Ubao wa Vyakula Sita

Ndugu Meneja wa Kantini,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni karani wa masijala, yule wa ghorofa ya pili anayetembea ameshika suruali. Suruali ndiyo sababu ya barua hii.

Miaka kumi na tisa mpishi wenu, Mama Upawa, alinisukumia sahani dirishani akasema chukua, kaa, ule. Nilichukua, nikakaa, nikala. Mwezi uliopita mkatundika ubao wa vyakula sita, eti tujichagulie. Jamani! Malalamiko yangu ni haya:

1. Sijui kuchagua, na sifanyi utani. Nina faili elfu nane na haijapotea hata moja, lakini nikiulizwa samaki au maharage, naduwaa. Foleni inaguna. Nasogea pembeni wenye haraka wapite, na saa ya chakula inakwisha niko palepale pembeni.

2. Nyumbani ndiyo usiseme. Nafungua friji, naangalia, nafunga. Mayai yapo, vitunguu vipo. Ila nikaange au nichemshe, nianze na kipi, sufuria ataosha nani? Nachoka kabla sijawasha jiko, nakunywa maji. Mlo wenu ndio pekee niliokuwa na uhakika nao.

3. Dada yangu alinishauri nirushe sarafu. Nimeshindwa kuamua sarafu ipi.

4. Mkanda wangu umeongezwa matundu matatu. Fundi viatu amekataa kutoboa la nne, kasema niende kwa daktari. Naogopa, Ndugu Meneja.

Kwa hiyo naomba kwa heshima ubao ushushwe, vyakula vitano vifutwe, na mtumishi yeyote atakayemuuliza mwenzake "tule nini leo?" apewe onyo la maandishi. Faili ya maonyo nimeshaifungua.

Nisalimie wahasibu, wafagizi, na aliyeandika ule ubao. Mwandiko wake mzuri, yeye hana kosa.

Ni mimi, mtiifu wenu mwenye njaa,
Karani wa Masijala

N.B. Nilipoileta barua hii dirishani, Mama Upawa aliisoma yote, akajifuta macho, akanisukumia sahani ya maharage bila kuniuliza. Nilishukuru mno. Nilipokaa tu, nikajua, kwa mara ya kwanza mwezi mzima, kwamba nilikuwa nataka samaki. Nimerudisha sahani, nimekula samaki wawili. Ubao ubaki. Naomba tu Mama Upawa awe ananipa kwanza nisichokitaka.