Utosi Wangu na Maadui Wake

Jumatatu, 3 Machi

Leo mteja amenipa pole. Alikuja kununua kioo cha bafuni. Nikainama kumwonyesha fremu ilivyo imara. Akaguna. Akasema kioo ni kizuri mno, kinaonyesha mpaka utosi wangu, pole sana. Pole! Kama nimefiwa.

Haya, ukweli nauandika mara moja tu. Nywele zangu zinahama. Zilianza pembeni mwa paji la uso, kwa adabu, kama wageni wanaoaga. Sasa za utosini zinaondoka usiku usiku kama wapangaji wabaya. Nina miaka ishirini na saba! Daktari wa ngozi alisema ni urithi, si kosa langu, na vijana wengi wako hivyo. Nikamshukuru kwa faraja. Yeye ana nywele za kugawa sadaka.

Na kazi gani nimejichagulia? Kuuza vioo. Nikigeuka kulia, upara. Kushoto, upara. Kuna kona yenye vioo vitatu ambako upara mmoja huzaa ukoo mzima.

Halafu kuna Balbu, dereva wetu wa gari la mizigo. Jina limetokana na kichwa. Ni mdogo kwangu. Nywele zilipoanza kumtoka alizinyoa zote, akapaka mafuta, akaendelea na maisha. Mtu asiye na haya! Wateja wa kike huomba vioo vyao viletwe na yule kaka wa kipara. Zamani upara ulikuwa wa mahakimu na wajomba. Siku hizi ni urembo. Dunia imekwisha.

Mchumba wangu hajui lolote. Namwita Kocha, maana hufundisha watoto kuogelea. Tangu tujuane hajaniona bila kofia. Nilimwambia nina mzio wa jua. Siku moja kukawa na mawingu, akauliza. Nikamwambia na mawingu pia. Akakubali. Mwanamke mwelewa sana.

Jumanne, 4 Machi

Juisi ya kitunguu! Nimesoma kwenye simu kwamba huamsha mizizi ya nywele. Nimepaka asubuhi, nikavaa kofia, nikaenda kazini.

Mizizi haijaamka. Walioamka ni wateja. Mama mmoja alianza kutokwa na machozi mbele ya kabati la vioo, nikadhani bei imemgusa. Bosi akazunguka duka zima akinusa, akauliza nani ameleta chakula. Balbu akasema kwa sauti kwamba labda ni mchuzi, ila haoni sufuria. Wakacheka wote. Nikacheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote, ili wasinishuku.

Nyumbani Mama alinisubiri mlangoni. Vitunguu vyake vimeisha. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia hapa hakuna uchi, kuna utosi. Dada akadakia kwamba ndiyo huo huo, umepanda juu tu. Familia hii haina msaada.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Kocha amenialika. Jumapili watoto wake wana mashindano bwawani, wazazi wake watakuwepo, na baba yake anataka kuniona kabla mambo ya ndoa hayajasonga mbele. Nikasema vizuri sana. Akaongeza kwamba baba yake hapendi kabisa mtu anayezungumza naye akiwa amevaa kofia.

Chakula cha jioni nilimwachia Dada.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Muuzaji wa vipodozi ana unga mweusi. Unanyunyiza utosini, unashika vijinywele vilivyobaki, na kutoka mbali unaonekana una nywele. Kutoka karibu je? Akasema kutoka karibu uchangamke sana, watu watazame meno. Huo ndio utaalamu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeujaribu kazini. Ajabu! Nimesimama kwenye kona ya vioo vitatu na kuona vijana watatu wazuri. Nikawaamkia.

Bosi akasema leo nimependeza, ila hakujua ni nini kilichobadilika. Mteja akanunua kioo kirefu bila kubishania bei. Balbu peke yake ndiye aliyenitazama utosini, kisha akaja karibu akanong'ona:

"Kaka, usitoke jasho."

Wivu huo. Nimemsamehe.

Jumapili, 9 Machi

Lazima niandike.

Nilifika bwawani mapema, nikakaa mbali na maji, chini ya turubai. Baba yake Kocha akaja. Nikasimama kumwamkia, naye akavua kofia yake ili anipe mkono. Kipara! Kipara kitupu, kinang'aa, hakina hata kumbukumbu ya unywele! Nikajisikia mnyonge, kama niliyekuja na mwamvuli nikakuta hakuna mvua. Lakini nilikuwa nimeshanyunyiza. Ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Sikujua msemo huo utanitokea neno kwa neno.

Mzee alinipenda. Tulizungumza kuhusu vioo, kazi, na nyumba. Akataka tupige picha ukingoni mwa bwawa, mimi na yeye na mkewe. Nikasema mwanga ni mzuri zaidi hapo hapo turubaini. Akasema mimi niuze vioo, mambo ya mwanga nimwachie yeye. Tukaenda. Kitoto kimoja kikajitupa majini karibu yetu, maji yakaruka, nami nikaruka nyuma kuokoa kichwa. Nyuma hapakuwa na sakafu.

Nilipoibuka, maji yalikuwa meusi kunizunguka kama pweza ametishwa. Kisha mtoto wa kike akapiga kelele:

"Kocha! Mjomba anavuja!"

Filimbi ikalia. Watoto wakatolewa bwawani wote. Wazazi wakasimama kuona. Unga ulinitiririka usoni, shingoni, kwenye shati langu jeupe. Kocha alijitosa akanivuta kwa kwapa mpaka ngazini, na maji yenyewe yalikuwa yananifika kifuani tu. Ningeweza kutembea. Sikukumbuka.

Akanipeleka chumba cha taulo. Nikaanza kumweleza kwamba ni dawa ya mzio. Akaninyamazisha kwa mkono.

Akasema amejua zamani. Siku moja wazazi wake wakiwa safarini nililala kwenye kochi lao, kofia ikaanguka, akaniangalia, akanirudishia taratibu ili nisiaibike. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

"Kichwa chako sina ugomvi nacho," akasema. "Nina ugomvi na mzio wa mawingu. Ukinidanganya kwa nywele, kwa mambo makubwa utanifanyaje?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akanipa taulo, akarudi kwa watoto wake, na mashindano yakaahirishwa mpaka maji yabadilishwe. Baba yake alinisindikiza hadi getini, akalifunga. Nimefika nyumbani nikalala na viatu.

Jumatatu, 10 Machi

Kocha hapokei simu. Sijacheka leo. Sijamcheka hata Balbu. Nimegundua kwamba nilikuwa ninaogopa asinipende bila nywele, na sasa huenda hanipendi, na nywele hazihusiki. Hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Balbu ameniona nimeegemea kioo. Akanipakia kwenye gari akanipeleka kwa kinyozi wake. Nilikuta foleni ya vijana wenye nywele nzito kama zulia, wote wanangoja kunyolewa upara. Kwa hiari! Mmoja akasema mke wake ndiye aliyemtuma. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, ndivyo tunavyoambiwa. Zangu zilishatiwa maji jana mbele ya halaiki.

Mashine ikalia. Kinyozi akamaliza upesi mno, karibu nimwombe aendelee kidogo kwa heshima. Nikajitazama. Si vibaya. Kwa kweli si vibaya hata kidogo! Upepo wa feni ukanigusa mahali ambapo sijawahi kuguswa na upepo.

Jioni nikaenda kwa Kocha. Nilisimama mlangoni bila kofia, bila unga, bila hotuba. Nikasema:

"Ni mimi. Hakuna kingine."

Akaniwekea kiganja utosini, kikakaa hapo. Akaanza kucheka, nami nikacheka, na baba yake akatoka ndani akasema karibu chamani. Kocha ametoa sharti moja tu: uongo basi. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 12 Machi

Mimi ni mtu mpya. Dada amesema nimekuwa kama mtangazaji wa habari. Mteja mmoja ameomba kioo chake kiletwe na yule kaka wa kipara, Balbu akasimama, mteja akasema si huyo, ni huyu! Balbu alinipongeza. Nikamwambia kwa upole kwamba kuna vichwa vya kunyolewa na vichwa vya kuzaliwa navyo. Changu kina umbo. Chake kina bonde kidogo huku nyuma, lakini sikulitaja. Nilimwonyesha tu kwenye kioo.

Ijumaa, 14 Machi

Mteja ameuliza kama nilinyoa kwa sababu nywele zilikuwa zinanitoka. Alikuwa mtu wa heshima zake. Sikutaka kumsikitisha. Nikamwambia hapana kabisa, nilikuwa na nywele za kuvunja vitana, ila nimeamua kwenda na wakati. Balbu akakohoa. Huo si uongo. Huo ni usafi wa kumbukumbu.

Bahati mbaya Bosi alisikia. Yule ambaye huko nyuma hakuwahi kunitazama juu ya nyusi! Akafurahi mno. Anataka tangazo jipya la duka lenye picha mbili, mimi kabla na mimi baada, moja nikiwa na nywele zangu zote. Akauliza zitachukua muda gani kuota. Nikasema zangu huota kwa kasi isiyo ya kawaida. Akanipa mwezi. Akachukua simu yangu, akampigia Kocha papo hapo kumwalika aje siku ya kupiga picha, awe mgeni wa heshima.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenunua wigi.

Si uongo, ni vazi la kazi, kama koti la fundi. Nimechagua lililojaa zaidi, maana mtu hapigwi picha kila siku. Nimelijaribu sebuleni, nikageuza shingo huku na huku. Lazima niseme, nilikuwa kijana mzuri sana hapo zamani.

Mama alipita, akasimama, akasema kitu kuhusu sikio la kufa na dawa. Sikumpata vizuri. Wigi limefunika masikio.