Maegesho ya Kisasa ya Mkomani

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichopakiwa juu ya mkokoteni, kwamba kuanzia siku hiyo mji wa Lamu hautapangwa tena kwa kubahatisha. Utapangwa kwa Kifaa Shirikishi cha Upangaji Miji, teknolojia ya kimataifa iliyovuka bahari nyingi, ikashushwa Mokowe, ng'ambo ya bara, na kuingia kisiwani ndani ya boksi lenye ukubwa wa sinia la biriani. Wananchi waliombwa wafurahi kwa utaratibu.

Ndani ya boksi mlikuwa na mchezo wa ubaoni. Bwana Ndirangu, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Mustakabali wa Mji, hakulipenda neno hilo. "Mchezo ni bao na karata," aliwaambia maafisa wake. "Hiki ni kifaa." Picha ya kwenye kifuniko ilionyesha ubao wa miraba, na juu yake vigae vya kadibodi: nyumba, maduka, bustani, maegesho ya magari. Unajenga jiji, jiji linakuletea pato, pato linajenga jiji zaidi. Ndirangu aliitazama picha ile, moyo ukamdunda. Alikuwa ametoka bara akiahidiwa kwamba Lamu ni kituo cha kupita tu, kisha atapandishwa cheo na kurudishwa makao makuu. Muda ulikuwa umekwenda hadi akaanza kuzoea samaki wa nazi. Sasa aliuona mlango.

Tatizo moja tu: boksi halikuweza kufunguliwa. Mali ya umma haifunguliwi kabla ya uzinduzi. Uzinduzi haufanyiki bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi, Bi Nerea wa makao makuu, alikuwa kwenye semina ya kutunza muda, ambayo ilichelewa kuisha. Kwa hiyo boksi lilifungwa utepe, likatiwa kwenye kabati la chuma, na askari akawekwa mlangoni kulilinda lisije likachezwa.

"Mkubwa, tutajifunzaje kitu tusichokigusa?" aliuliza Cherono, afisa wa mipango, binti wa Kericho aliyekuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali saa za kazi.

"Tutatazama waliokigusa," alisema Ndirangu.

Ndipo ilipoundwa Kamati ya Kutazama. Cherono alipekua intaneti akapata rekodi za mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu akiucheza mchezo ule ule, video baada ya video, mezani kwake jikoni. Alisema lugha ambayo hakuna aliyeijua, lakini Kurugenzi haikuona hilo kuwa kizuizi, kwa kuwa hata nyaraka zake yenyewe zilikuwa hivyo hivyo. Kila asubuhi projekta iliwashwa, mapazia yakafungwa, mahamri yakaletwa. Waliotazama walipewa posho ya kutazama. Waliosinzia walipewa posho ya kutafakari.

Walimwita Bwana Ndevu, na walijifunza kwake mambo makubwa. Kwanza, alicheza peke yake. Cherono aliliona hilo mapema.

"Mkubwa, mbona hana wenzake?"

"Kwa sababu ni mtaalamu."

Pili, pingamizi. Katika rekodi zote, aliyempinga Bwana Ndevu alikuwa paka wake, ambaye kila mara alipanda mezani na kukaa juu ya mji. Bwana Ndevu hakugomba. Alimwinua taratibu, akamweka chini, akaendelea kujenga. Kamati iliandika: pingamizi huinuliwa kwa upole na kuwekwa chini.

La tatu liliwatoa jasho. Kila mwisho wa raundi, Bwana Ndevu aliinua mkono wa kulia juu kabisa, akatazama upande huu na upande ule ambako hapakuwa na mtu, akatabasamu, kisha akaushusha na kuweka kigae. Mmoja alisema anajinyoosha. Mwingine alisema anaomba ruhusa ya kwenda haja. Ndirangu alisikiliza wote kwa subira ya kiongozi, kisha akatoa mwongozo: ile ni saluti, heshima ya mpangaji kwa mji wake. Tangu hapo kila ajenda ilipofika mwisho, maafisa wote waliinua mikono. Ndirangu mwenyewe alifanya mazoezi hata nyumbani, mpaka mkono ukawa unapanda bila kuulizwa. Uliwahi kumpandia kwa kinyozi, nusura aondoke na sikio moja.

Lakini somo kuu lilikuwa maegesho. Hakuna kigae kilichomletea Bwana Ndevu pato kama maegesho ya magari. Alipoyaweka tu, sarafu zilimiminika. Ndirangu alisimamisha video, akasimama yeye pia.

"Jamani, mnaona tunachokosa Lamu?"

"Magari, Mkubwa," alisema Cherono. "Hayo machache ya kisiwani hayapenyi vichochoro vya Mkomani. Kule hata punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma."

"Hayapenyi kwa sababu hayana pa kuegeshwa, Cherono. Wewe ungeenda mahali huna pa kukaa?"

Cherono alikiri kwamba hangeenda.

Basi ikachapishwa, kwa gharama za umma, ramani ya plastiki ya kutandikwa juu ya ubao siku ya uzinduzi, ili kila mraba wa mchezo uwe kiwanja halisi cha Mkomani. Ndirangu aliisimamia mwenyewe. Jengo la Kurugenzi aliagiza lichorwe kwa hadhi yake, nalo likatoka kubwa kuliko soko. Maegesho yalihitaji miraba minne iliyoshikana, na Ndirangu aliipata: nyumba ya Bi Alawiya, nyumba ya binti yake Fairuz, ghala la Bwana Kamaludin, na kichochoro kilichopita katikati.

Juu ya kichochoro hicho palikuwa na wikio, kile chumba kinachojengwa hewani kuunganisha ghorofa za nyumba mbili, watu wa ndani wapite juu na wa njiani wapite chini. Fairuz alikuwa amejifungua, bado yuko ndani ya arobaini yake, na mama yake alipita wikioni kutwa kucha na bakuli la supu, na uji wa pilipili manga, na maji ya moto ya kumkanda. Nyumba zikivunjwa na wikio lake, mama angelazwa kwa jamaa huku na binti kule, na supu ingefika imepoa.

Bi Alawiya alikuja ofisini na buibui lake, Bwana Kamaludin nyuma yake kama shahidi.

"Bwana Mkurugenzi," alisema akikaa, "nimeambiwa mwataka kunivundia nyumba yangu na ya mwanangu, na wikio katikati. Mwanangu mzazi. Mimi n'tampeleka wapi?"

"Bi Alawiya, pingamizi lako limepokelewa," alisema Ndirangu. Akainuka, akakumbuka utaratibu, na papo hapo akakumbuka pia kwamba yuko Lamu, ambako mwanamume habebi mke wa watu hata kwa idhini ya kamati. Akasubiri mpaka Bi Alawiya aliposimama kwa mshangao, akakiinua kiti chake taratibu, akakipeleka nje, akakiweka chini kwa upole.

Bwana Kamaludin alikitazama kiti. "Na hawa watu wa mui, katika huo mtezo wenu, wao hawatezi?"

"Nimetazama rekodi zote, Bwana Kamaludin. Hakuna mahali watu wanapoingia."

"Subhanallah," alisema Kamaludin, na wakaondoka.

Hata hivyo Ndirangu hakulala vizuri. Watu wa Mkomani walikuwa na wanasheria katika kila ukoo. Ndipo akaandika waraka wake maarufu: uamuzi wa ubao ni wa mwisho, unazifunga pande zote, Kurugenzi ikiwemo, na hauna rufaa wala mahakama. Bi Nerea angeutia sahihi siku ya uzinduzi, mchezo ukiisha.

"Kurugenzi ikiwemo?" Cherono aliuliza.

"Inapendeza machoni pa umma. Umewahi kumwona Bwana Ndevu akishindwa?"

"Atashindwa na nani, Mkubwa, na yuko peke yake?"

"Huo ndio ubora wa mfumo."

Semina ya kutunza muda hatimaye ikaisha, na Bi Nerea akaja. Ukumbi ulijaa. Mkandarasi aliketi nyuma na vijana wake na nyundo zao, maana Ndirangu alitaka kazi ianze kabla chai haijapoa. Utepe ulikatwa, makofi yakapigwa, ramani ikatandikwa. Ndirangu akajisogezea kiti kimoja mbele ya ubao.

Bi Nerea alikuwa akitoa vilivyomo boksini. Vilikuwa vifurushi vitano, kila kimoja rangi yake. Chini kabisa alipata karatasi ya maelekezo, ambayo kwa bahati ilikuwa ya michoro mitupu: watu watano wameizunguka meza.

"Na wengine wako wapi?" aliuliza.

"Wengine gani, Mheshimiwa?"

"Wachezaji. Bwana Ndirangu, kifaa kinaitwa shirikishi. Nikirudi makao makuu na picha ya mtu mmoja akishirikiana na meza, nitasema nini?" Akaangaza macho ukumbini. "Yule mama. Na yule mzee wa kofia. Na huyu afisa wako. Mimi nitakuwa wa tano."

Bi Alawiya na Kamaludin wakaja mbele. Cherono alikaa, akaichukua karatasi, akaufuata mchoro wa mwisho kwa kidole. Watu watano, mikono mitatu juu, mshale, kigae kinawekwa. Watu watano, mkono mmoja juu, kigae kinarudi mfukoni.

"Kumbe ni kura," alisema, polepole. "Ule mkono wake, Mkubwa. Alikuwa akipiga kura. Peke yake."

Ndirangu alihisi shati likimganda mgongoni. Lakini mkurugenzi harudi nyuma mbele ya mgeni rasmi. Akachukua kigae cha maegesho, akakiweka juu ya nyumba ya Bi Alawiya, ya Fairuz, ghala na kichochoro. Raundi ikaisha. Mkono wake ukapanda.

Ulikuwa peke yake kule juu. Kamaludin alikuwa akiikagua dari. Bi Alawiya alimtazama Ndirangu tu, bila kupepesa, na Ndirangu akajikuta anatazama viatu vyake. Bi Nerea alisubiri kidogo, kama adabu inavyotaka, kisha akamrudishia kigae chake.

"Zamu yako, mama."

"Mimi siyui kuteza," alisema Bi Alawiya. Akakichukua kile kile kigae, akakizungusha kidoleni. "Walakini hawa wakubwa wesema mui hauna budi na mahala pa gari. Sisi si watu wa kukataa maendeleo. Hiki kikubwa hapa ni nini?"

"Hiyo ni Kurugenzi," alisema Ndirangu, na hata katika hali ile hakuweza kuizuia fahari.

"Miraba mingapi?"

"Minne," alisema Cherono haraka, kabla Mkurugenzi hajajibu.

"Mashallah. Imeshikana." Akakitua kigae pale, nacho kikakaa sawasawa, hakikuzidi wala hakikupungua.

Mkono wa Kamaludin ulitangulia. Wa Bi Alawiya ukafuata, bangili zikalia. Cherono aliinua wake akitazama upande mwingine, kama mtu asiyehusika na mkono huo. Bi Nerea, aliyekuwa ameona kwamba ofisi ya mkurugenzi wa kisiwa imechorwa kubwa kuliko hata ofisi yake yeye ya makao makuu, aliinua wa kwake kwa utulivu. Na kwa kuwa raundi ilikuwa imefika mwisho, mkono wa Bwana Ndirangu nao ukapanda, ukanyooka, ukaipita mikono yote kwa urefu. Mpiga picha akapiga.

"Kwa kauli moja," alitangaza Bi Nerea. Ukumbi ukalipuka kwa takbiri na vigelegele.

"Mheshimiwa!" Ndirangu aliushusha mkono kwa kuuvuta na ule mwingine. "Huo haukuwa wa kura. Ulikuwa wa heshima!"

"Nami nimeuheshimu," alisema Bi Nerea, akautia waraka sahihi.

Haukuwahi kutokea mradi wa haraka kama ule. Mkandarasi alikuwa tayari pale, nyundo zilikuwa tayari pale, na rufaa haikuwepo. Hadi jioni Kurugenzi ya Mustakabali wa Mji ilikuwa imesawazishwa, na kibao cha Maegesho ya Kisasa ya Mkomani kimesimikwa. Gari halikuja. Asubuhi walikuja punda, wakaona patupu, pana kivuli cha ukuta wa jirani, wakajaa. Makao makuu yalisoma kwenye taarifa kwamba maegesho yanatumika kikamilifu, yakamwandikia Ndirangu barua ya pongezi kwa kuwa mkurugenzi wa kwanza kuitoa ofisi yake mhanga kwa maendeleo. Kwa mtu mwenye uzalendo wa kiwango hicho, barua ilimalizia, uhamisho ungekuwa hasara kwa wananchi. Angebaki Lamu.

Cherono na wenzake walipewa chumba Mokowe. Mkurugenzi, kwa mujibu wa kanuni, hapaswi kuondoka kwenye eneo la mradi. Alibaki na meza, faili, na punda.

Kisha mvua za masika zikaanza. Ndirangu alivumilia kadiri alivyoweza chini ya mwavuli. Siku maji yalipoanza kuingia kwenye droo, alijitwika meza kichwani, akakumbatia faili, akashika kichochoro akitafuta pakavu. Milango ilikuwa imefungwa, watu wameingia ndani. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, chini ya wikio la Bi Alawiya, pameenea kama mkeka uliotandikwa. Alisikia haya ikimpanda hadi masikioni, lakini faili zilikuwa zinalowa. Akasogea.

Dirisha la juu likafunguka.

"Nani huyo na meza?"

"Ni mimi, Bi Alawiya. Ndirangu. Naomba kuweka ofisi hapa chini. Mpaka mvua iishe."

"Hapo tini ni ndia ya watu, Bwana Ndirangu. Ukiweka meza, punda hapiti."

"Nitaiweka pembeni kabisa. Kibali natoa mimi mwenyewe, ni suala la..." Ndani, juu, mtoto alilia mara moja, akatulizwa. "Kibali anatoa nani?"

"Ni sisi." Bi Alawiya alikuwa ameshika bakuli lenye moshi, yuko njiani kwenda kwa mwanawe. "Subiri papo hapo nimpe mzazi supu yake, kisha niwaulize wenzangu. Mui una wenyewe."

Dirisha likafungwa. Ndirangu alisikia nyayo zake zikivuka juu, bila haraka, kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Akabaki amesimama pale mvua ilipoishia na pakavu palipoanzia, upande wa mvua, meza kichwani, akingoja majibu ya wananchi.