Paji la Uso la Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepata elimu! Binti wa kaka yangu anasomea unesi, kabandika picha ya ubongo sebuleni kwangu. Umejikunja kama kitambaa kilichosokomezwa kwenye kopo. Kasema hapo juu pote ni gamba, jembamba, na ndilo linalofikiri. Mbele, nyuma ya paji la uso: kuamua. Utosini: kuhisi mguso. Juu ya masikio: kusikia. Kisogoni: kuona. Kisogoni, jamani! Ndiyo maana majirani nawaona hata nikiwapa mgongo. Halafu nusu ya kushoto inaongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia upande wa kushoto. Mambo hayo! Na mimi msusi, vichwa nimevishika miaka yote, sikuambiwa!

Jumanne, 4 Machi
Shoga yangu fundi cherehani anaoza binti. Bibi harusi na wapambe wote watasukwa saluni moja. Ipi? Ukitoka kwa fundi, mimi niko mkono wa kushoto, Mama Vioo mkono wa kulia. (Tunamwita hivyo, kabandika vioo mpaka chooni.) Fundi kila siku nitaamua kesho, nitaamua kesho. Huyo kuchagua kifungo tu wiki nzima! Harusi hii ikinipita, viti vyangu vitabaki vya paka.
Ngoja kwanza. Kuamua si kuko mbele? Basi nisugue mbele!

Jumatano, 5 Machi
Nimemwita fundi nimwoshe nywele bure. Mafuta ya mnanaa, paji la uso, sugua! Hasa upande wa kushoto, ndiko mkono wangu unakofika vizuri. Akaniambia, "Dada, nimekuja kuosha nywele, uso nimenawa nyumbani." Nikamwambia tulia shoga, naamsha maamuzi. Nikamsugua na juu ya masikio, kisha nikammwagia umbea wote kuhusu Mama Vioo. Kisogo sikukigusa. Asije akaviona vile vioo!

Alhamisi, 6 Machi
Kaamua! Asubuhi na mapema, hata hakusita. Harusi nzima kwa Mama Vioo!
Eti kalala paji linawaka, akawaza: kama mimi mama mtu nimesuguliwa kama sufuria lililoungua, mwanangu si atatoka hana nyusi? Na umbea kausikia vizuri mno. Kaufikisha kwa mwenyewe neno kwa neno.
Binti wa kaka kacheka mpaka kakaa chini. "Shangazi, katikati kuna fuvu! Ukisugua ngozi, gamba halina habari." Kaongeza kwamba sehemu zote zinasaidiana, na hiyo ya mbele ndiyo inayomzuia mtu kuropoka. Kisha kalitazama paji langu muda mrefu. Sijui katafuta nini.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi harusi kapita mlangoni kwangu. Kapendeza, sisemi uongo. Mama Vioo nyuma yake, kanipungia mkono kama malkia. Roho imeniuma mpaka nikajisugua paji mwenyewe.
Nikapata mwanga! Fuvu fuvu gani? Fundi si aliamua? Aliamua! Dawa inafanya kazi, kosa ni upande tu. Nimesugua kushoto, mtu ataacha kwenda kulia?
Mwenye duka la vitambaa naye anaoza. Huyo nasugua kulia tupu. Mafuta nimeshaongeza.