Mtungi Uliovishwa Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi 1997
Gari jeupe la shirika la wakimbizi limesimama tena kwa Gervasi, daktari wa meno mwenzangu, ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wao wanang'olewa meno kule, mimi natazama dirishani. Shirika litachukua kliniki moja tu hapa Rusimbi, ile itakayoruhusiwa kumlaza mgonjwa usingizi kwa sindano. Mkaguzi, Mzee Vedasto, anakuja Alhamisi. Anataka mtungi wa oksijeni, mfuko wa kumpulizia pumzi aliyezimia, na watu wanaojua kuvitumia. Sina hata kimoja. Leonia, nesi wangu, anasema alinikumbusha tangu mwaka jana. Nesi mwenye kumbukumbu ni balaa.

Jumanne, 4 Machi
Mtungi umepatikana! Nimeuazima Katonga kwa Dismasi, mchomeleaji wa boti. Mtupu, lakini nani atajua? Nimeupaka mabega rangi nyeupe kama wa hospitali. Leonia kauliza mgonjwa atavuta nini, rangi? Nimemwambia aache kupinga maendeleo.
Kwa Gervasi wanafanya mazoezi. Mmoja kalala sakafuni kajifanya hapumui, wengine wanamkimbilia na mfuko. Watu wazima hao. Nimecheka hadi machozi.

Jumatano, 5 Machi
Mvua tangu alfajiri. Rangi haikauki. Nimechukua kitambaa cha kufuma cha mke wangu, Agnesi, kile cha kufunikia redio, nikauvisha mtungi. Mgeni mwenye adabu hagusi kitu chenye kitambaa. Agnesi kanuna, redio iko uchi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepita. Mzee Vedasto alisimama mbele ya mtungi, mikono mgongoni, akasema hivi ndivyo kitu cha thamani kinavyotunzwa. Mfuko nilimwambia unachemshwa. Leonia akatoka nje.
Gervasi kaangushwa. Mfuko anao, dawa anazo, ila mtungi wake uko kwenye treni tangu Februari, na mjinga yule akasema ukweli. Nimempelekea soda ya pole.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee Vedasto karudi, shavu limevimba. Gego. Akasema anaogopa koleo tangu utoto, na kwa kuwa amenikagua mwenyewe, nimlaze tu. Ningekataaje?
Nikamchoma. Akalala vizuri. Akalala vizuri mno. Kifua kikatulia, midomo ikabadilika rangi. Nikarukia mtungi, nikavuta kitambaa. Kimegandia kwenye rangi. Nikaendelea kukibandua, sijui kwa nini, ndani hamna kitu. Nilijua nimeua mtu.
Leonia alikuwa ameshavuka barabara. Gervasi akaingia na watu wake na ule mfuko, bila kunitazama. Mmoja akainua kidevu, mwingine akabana kinyago usoni, Gervasi akaminya. Hakuna aliyeuliza asimame wapi. Wale wale niliowacheka. Wakaminya, wakaminya, mpaka mzee akavuta pumzi mwenyewe, akakohoa.
Nililia. Sioni haya kuandika. Kisha mzee akafumbua macho, akanikuta nimekumbatia mtungi, viganja vyeupe. Akauliza kwa sauti ndogo kama ndio ule mtungi aliousifu.

Jumanne, 11 Machi
Nimefungiwa. Mtungi wa Gervasi umefika na treni ya juzi, na Mzee Vedasto mwenyewe alikwenda kuufungua kuhakikisha unatoa hewa. Shirika limemchukua. Leonia naye kahamia kwake, na leo wamemlaza sakafuni, zamu yake ya kutopumua. Anatabasamu. Kwangu hajawahi. Iliniuma kuliko kufungiwa.
Agnesi anadai kitambaa chake. Nimekisugua kwa mafuta ya taa, sasa kina rangi na harufu. Haongei nami.
Nimekaa kutwa nzima kutafakari kosa langu, bila kujipendelea. Nimelipata. Ni rangi ya mafuta, msimu wa mvua. Wanasema Mzee Vedasto anastaafu, na mkaguzi mpya anatoka Tabora, hanijui. Kesho naenda Mwandiga. Kuna fundi anayepuliza magari rangi inayokauka siku hiyo hiyo. Dismasi nimeshamwambia aniwekee mitungi miwili.