Tabora Yasogezwa Karibu

Idara ya Umbali na Muda ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, Tabora imesogezwa karibu na Dar es Salaam. Safari ya ndege iliyokuwa ikila saa moja na nusu sasa ni dakika arobaini. Ndege ni zilezile na marubani ni walewale. Kilichofanyika ni kwamba kamati ilijifungia hotelini, ikazipitia kilomita moja moja, ikabaini kuwa nyingi ni pori la nyuki lisilo na tija, ikazifuta.

Waraka ulimfikia Mwanajuma, afisa itifaki wa Tabora, ukiwa na kifungu kimoja cha kumkosesha usingizi: mtumishi atakayetaja muda mwingine atahamishiwa Choma, kijiji cha mbali na mji, mara moja. Mwanajuma hana ugomvi na Choma. Ila mama yake yuko Isevya, hapa hapa mjini, haoni vizuri, na chai hainywi mpaka aandaliwe na bintiye.

Mgeni rasmi wa kuuzindua huo ukaribu alikuwa mkurugenzi wa idara mwenyewe, Dokta Raymundi, ambaye angeondoka Dar saa mbili asubuhi. Mwanajuma akampigia, akatoa shikamoo, akauliza kwa adabu zote mapokezi yaanze saa ngapi, maana kwa uzoefu ndege hiyo hutua saa tatu na nusu.

"Waraka unasemaje?"

"Dakika arobaini, mheshimiwa."

"Basi saa mbili na dakika arobaini nimeshafika. Huo uzoefu wako utaupeleka Choma."

Siku ikafika. Saa mbili na dakika arobaini ngoma zikalia uwanja wa ndege, anga likiwa tupu kabisa. Mwanajuma akainama, akaukaribisha upepo. Shada la maua likavishwa kiti. Mfaume, dereva, akafungua mlango wa nyuma, akasubiri kiasi cha mtu mnene kukaa vizuri, akaufunga taratibu. Msafara ukaondoka na ving'ora vyake, bodaboda wote wa mtaa wa Cheyo wakiusindikiza kwa honi. Ukumbini mgeni rasmi alipewa nafasi ya kuhutubia, akapigiwa makofi, na wajumbe wakakiri kuwa hajawahi kutoa hotuba nzuri kama ile. Pilau likaliwa hadi ukoko.

Ndipo simu ikaita. Dokta Raymundi alikuwa uwanjani. Abiria wenzake walishachukuliwa na ndugu zao, na hapo nje hapakuwa na gari wala bodaboda.

"Samahani, mheshimiwa," Mwanajuma akasema. "Hapa umeshapokelewa, umehutubia na umekula. Kuna mtu anadai ndege imetua sasa hivi? Nitajie jina lake, niandae uhamisho wa Choma uje kuusaini."

Mwanajuma alifurahi, tena alifurahi sana, na hakuona sababu ya kuificha furaha hiyo. Jioni angemchemshia mama yake chai, na kesho pia.

Simu haikukatwa. Akamsikia bosi akimuuliza mlinzi wa getini kama mjini ni mbali.

"Kwa waraka au kwa miguu, mzee?"

Kisha yakasikika magurudumu ya begi yakikwaruza changarawe. Wageni kutoka pwani kuingia Tabora kwa miguu si jambo geni, walianza tangu enzi za misafara. Ila wale walikuwa na wapagazi.