Baridi ya Doha na Moshi wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Sijajikwaa, sijapasukiwa na suruali, sijasahau jina la bosi. Hivyo vyote nimeshavizoea. Leo nimeadhirika mbele ya mama mkwe, mbele ya jengo zima, na mbele ya simu ya Mutua. (Mutua ni jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mkenya, mlinzi wa hotelini. Hana siri huyo mtu.) Ndiyo maana nasimulia mwenyewe, kabla yeye hajaanza kusambaza.

Mnajua Zuhura, mke wangu, kajifungua juzijuzi. Binti, anaitwa Rukia. Mama yake, Bi Mwanahawa, kaja kutoka Tanga kumlea mzazi. Kabla hajapanda ndege alinipigia simu. "Baba, huko nije na sweta?" Mimi nikacheka kabisa! Nikamwambia, "Mama, huku ni jangwani. Njoo na khanga zako nyepesi, jua litakuchosha mwenyewe."

(Januari iliyopita nilikuwa hapahapa Doha. Nilitetemeka hapahapa Doha. Sijui nani alinishika ulimi.)

Basi mama kafika, na upepo wa kaskazini ukafika naye. Chumba chetu kiko ghorofa ya nne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye yale majengo ya zamani yenye AC za dirishani. Pembeni ya AC kuna upenyo wa kuingia mkono. Sakafu ni vigae, ukikanyaga asubuhi unaomba dua. Maji ya bomba, yale yanayotuchemsha Agosti, sasa yanauma meno. Mama kakaa kitandani kajifunga khanga tano, ananitazama. Ananitazama tu.

Jana kasema, lakini si kwangu. Kamwambia mjukuu wake mchanga: "Rukia, mwanangu, baba yako alisema huku jua." Nikaona hapana. Lazima nifanye jambo.

Hita ya umeme ilikuwa nje ya uwezo wetu mwezi huu, mtoto kashakula kila kitu. Nikaingia mtandaoni. Nikakuta ukurasa wa mama mmoja wa Kizungu, anakaa huko kwenye theluji ya kufika kiunoni, anafundisha namna ya kuandaa nyumba kwa baridi bila gharama. Nikausoma wote kwa sauti, Zuhura akisikia. Ziba madirisha kwa nailoni ya mapovu. Ziba nyufa. Ziba chini ya milango. Vaa nguo nyingi nyembamba badala ya moja nene. Mwaga chumvi kwenye ngazi ili theluji isikutelezeshe. (Hiyo ya chumvi niliiruka. Nina akili zangu.)

Leo Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nimeamka na kazi moja tu. Nailoni ya mapovu nilishaiokota nyuma ya duka la friji, ile ambayo ukiibonyeza inalia pwa. Nikapitia duka la vitu vya bei chee pale mtaani nikanunua selotepu, ya kawaida na ya pande mbili. Kwenye mlango wa duka kulikuwa na lundo la nguo za ndani za baridi. Nikachomoa pakiti moja ina picha ya mlima wenye theluji. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

Nyumbani nafungua pakiti. Taiti za kike! Rangi ya waridi, zina maua mekundu mapajani na lesi kwenye vifundo vya miguu. Kurudisha haiwezekani, duka limefunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Nikajifungia chooni nikazijaribu. Jamani, joto! Joto la mama mzazi! Nikavaa kikoi juu yake, nikajitazama kwenye kioo. Hakionekani kitu. (Joto halina jinsia. Ndivyo nilivyojiambia.)

Niliporudi kutoka kuswali nikaanza kazi. Dirisha nikalifunga nailoni tabaka tatu. AC nikaivika blanketi nikaizungushia selotepu mpaka ikawa kama maiti. Ile feni ya chooni inayotoa hewa nje nikaisindilia taulo. Mlango nao nikautengenezea pazia la nailoni, nikalibandika kwenye fremu kwa ile selotepu ya pande mbili.

Zuhura ananitazama, kapakata mtoto. "Baba Rukia, na chumvi ya ngazini umenunua?"

"Cheka tu. Sikia lakini. Unasikia upepo?"

Akasikiliza. Kimya. Chumba kikaanza kupata uvuguvugu wake. Na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu ashuke ndege, akafungua khanga moja akaiweka pembeni. Akasema, "Sasa hapa pamekuwa nyumba."

Wallahi nilivimba kichwa. Nilikaa pale kwenye mkeka najiona injinia.

Sasa mama, kwa ile furaha, akasema chumba kimetulia, amfukize mzazi. Akatoa chetezo chake cha udongo alichotoka nacho Tanga, akawasha makaa kwenye jiko la gesi, akatia udi na ubani. Akamfunika Zuhura shuka. Harufu nzuri! Nikafumba macho nikavuta pumzi kama niko harusini.

Nilipoyafumbua sikumwona Zuhura.

Moshi! Chumba kizima kimekuwa cheupe. Udi ule haukuwa na pa kutokea, hata tundu la sindano. Yule mama wa theluji hakuandika popote kwamba ukishaziba nyumba hivi usifukize mtu.

"Baba," mama akaita kutoka mle ndani ya wingu, "fungua dirisha."

Nikaliendea dirisha. Nikavuta nailoni. Haitoki. Nikavuta kwa nguvu, ikanipa kipande cha ukubwa wa kiganja, pwa pwa pwa. Tabaka la pili. Selotepu haina mwanzo wala mwisho. Nakwangua kwa kucha, machozi yananitoka.

"Baba, dirisha!"

"Nafungua, Mama!"

Hapo Rukia akakohoa. Kikohozi kidogo tu, kama cha paka. Nawaambia ukweli, hapo utani wote uliniisha. Mtoto mchanga kiasi kile, na aliyemfungia kwenye moshi ni mimi baba yake, kwa mikono yangu, kwa selotepu yangu.

"Achana na dirisha!" Zuhura akapiga kelele. "Fungua mlango!"

Nikaruka mlangoni, nikalichana lile pazia katikati, nikaufungua mlango. Mama akatoka kamkumbatia mtoto, Zuhura nyuma yake. Na moshi nao, kana kwamba ulikuwa unaomba njia siku nyingi, ukatoka wote kwa pamoja ukaenda moja kwa moja kwenye kile kidude cha king'ora kilicho kwenye dari ya korido.

Wiiiii! Wiiiii! Wiiiii!

Ijumaa mchana, watu wamekula, wamelala. Milango ikaanza kufunguka ghorofa zote. Watoto wanalia, watu wanashuka ngazi na mablanketi, mmoja kabeba tenga la kuku wake. (Ndiyo, kuku. Ghorofa ya tatu kuna kuku. Leo tumejua mengi.)

Mimi sikushuka nao. Nikakumbuka makaa. Nikarudi ndani, nikachukua beseni la kuogeshea mtoto, nikatia maji, nikatumbukiza chetezo. Tssss. Moto umekufa. Nikasema nitashuka nalo hivihivi, wakaone wenyewe kwamba hakuna moto, ni udi tu. Nikalinyanyua beseni kwa mikono miwili, maji yanacheza, nikapita mlangoni kwa ubavu ili yasimwagike.

Sasa pale mlangoni palikuwa na ile selotepu ya pande mbili. Nilihisi kama mtu kanigusa kiunoni. Nikadhani ni pazia. Nikavuta, nikaendelea na safari.

Kitu ambacho sikukihisi, ndugu zangu, ni baridi. Kwenye ngazi upepo ulikuwa unapuliza kama wazimu, na mimi miguu yangu ina joto safi. Zile taiti zilikuwa zinafanya kazi vizuri kupita kiasi. Mtu wa kawaida angejua palepale kwamba kikoi kimebaki juu.

Nikatokea uwanja wa magari. Jengo zima limesimama pale, linatetemeka. Nikanyanyua beseni juu kama mtu aliyeshinda kombe.

"No fire!" nikatangaza. "Mafi hariq! Hakuna moto! Ni udi tu, rudini majumbani!"

Watu wakanikodolea macho.

Nikadhani ni heshima. Nikarudia, kwa sauti ya kiongozi, huku nikisogea katikati ili wa nyuma nao waone. Mama mmoja akamziba mtoto wake macho. Ndipo nikamwona Zuhura. Kafunika mdomo kwa mkono, anatikisa kichwa, ananionyesha chini kwa macho.

"Baba Rukia," akanong'ona. "Kikoi."

Nikatazama chini.

Mawaridi.

Mawaridi yote yale, mchana wa jua, na lesi ikipepea kwenye vifundo. Nikashusha beseni haraka nijifiche, maji yote yakanimwagikia mbele. Sasa nina taiti za waridi, zilizolowa, zimenishika kama ngozi. Chetezo kikadondoka kikaviringika mpaka miguuni kwa natur, mlinzi wa jengo letu. Mzee mstaarabu, miaka yote tunasalimiana tu. Akakiokota chetezo, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sadiq, wen bantalon?"

Rafiki, suruali iko wapi. Swali la haki.

Aliyelijibu ni Mutua. Simu iko juu, mkono hautikisiki. "Buda! Kumbe wewe ni mrembo hivi na umenyamaza tu?" Hapo ndipo jengo zima lilipoangua kicheko. Mataifa yote. Hata yule mwenye kuku.

Lakini hilo nalo si kitu. Nilimtafuta mama mkwe kwa jicho la pembeni. Kageukia ukuta. Kanipa mgongo kabisa, kamkumbatia Rukia, kama mtu anayesoma tangazo, na ukuta hauna tangazo. Mimi mtu ambaye nyumbani nakohoa kwanza ndipo napita mbele yake! Nikatamani ardhi ipasuke. Ni lami, haikupasuka.

Kisha nikaona mkono wake mmoja unakuja nyuma, taratibu, bila yeye kugeuka. Una khanga. Kaivua mabegani mwake, katika baridi ile. Nikaipokea mbiombio nikajifunga. Mutua, Mungu amsamehe, akasogeza simu karibu akasoma maandishi ya khanga kwa sauti, jengo zima lisikie:

"Mficha uchi hazai."

Sitaki kuongelea kilichofuata.

Natur kazima king'ora, watu wamepanda kulala. Rukia hana neno, kalala njia nzima ya kurudi, kifua kiko safi, nimekisikiliza mwenyewe mara nyingi mpaka Zuhura akanifukuza. Nailoni nimebandua yote. Upepo umerudi kwenye nafasi yake pembeni ya AC. Kikoi nimekikuta kinaning'inia mlangoni kama bendera.

Mama hajaongea na mimi tangu tuingie. Mimi nimekaa jikoni, ndiko ninakoandikia haya. Sasa hivi tu Zuhura kaja, anajikaza asicheke, anasema ametumwa.

"Kasemaje?" nikauliza. Nilishajiandaa. Nilijua anataka kurudi Tanga.

"Kasema hivi: mwambie mumeo, zile zenye maua, kama zinaleta joto kiasi cha mtu kutojua yuko uchi, na yeye anataka. Mbili."

Basi kesho narudi dukani. Atakayenikuta kwenye lile lundo la nguo za kike nachagua rangi, tafadhali sana, apite tu asinisalimie.