Asubuhi Fukara, Alasiri Mwenye Shamba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Balaa! Kamati ya wabunge kutoka Nairobi inakuja hapa Amu, mji wa Lamu, Alhamisi. Tangazo limebandikwa ukutani, na jirani yangu Shuaib akalisoma kwa sauti mbele ya watu kana kwamba kaliandika yeye. Asubuhi, kwenye ukumbi wa mji, wabunge watakagua posho ya wazee inayotolewa na kaunti. Alasiri, ukumbi ule ule, watasikiliza wenye mashamba na wapangaji wao. Inasemekana wanataka kila mpangaji aliyekaa zaidi ya miaka kumi apewe mkataba wa maandishi, asifukuzike. Mwenye shamba asipofika, mpangaji atasikilizwa peke yake.

Tabu yangu ni hii. Posho ni ya mafukara waliotimiza miaka sabini. Mimi nina sitini na mbili. Karani wa wadi ya Pate aliyeniandikisha alikosea, akaandika 1953 badala ya 1963. Sikuona adabu kumkatiza mtumishi wa umma kazini. Penye mali nilijaza "hakuna". Nyumba hii ya mtaa wa Mkomani kweli si yangu, ni ya mke wangu Huwaida, aliipata kwa mamake. Shamba la minazi la kisiwani Pate ni langu, nililirithi kwa baba. Lakini liko mbali. Ukisimama hapa hulioni.

Na kuna mnunuzi wa kijiji cha Shela analitaka. Analitaka tupu, bila mtu ndani.

Nimelala adhuhuri nikifikiri. Nimeamka na jibu. Nguo! Asubuhi nitakuwa fukara wa kikoi na mkongojo. Alasiri nitakuwa mwenye shamba wa kanzu, koti na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono. Kwenye posho naitwa Ridhwani Omar. Kwenye daftari la mashamba nimejiandikisha R. O. Bakr. Watu wawili kabisa!

Jumanne, 9 Septemba

Pate. Mashua ilingoja maji yajae nusu ya asubuhi. Nilipofika gati la Mtangawanda nikakosea ngazi, nikaingia topeni hadi magotini. Abiria mmoja akasema, "Polepole, mzee." Sikujua nichukie au nishukuru.

Mpangaji wangu ni Mwanamkisi, mjane. Yuko shambani miaka ishirini na minane na kila angusho, nazi zinapoanguliwa, hunipa nusu. Akaniosha miguu, akanipa wali na papa. Nikamweleza kwa upole kwamba mbele ya wabunge asijiite mpangaji. Aseme yeye ni mgeni wangu tu.

Akanitazama. "Ndia yote hii, Bwana Ridhwani, umekuja kunambia mimi ni mgeni?"

Nikasema ndiyo, mgeni mpendwa. Akauliza kama mgeni hutoa nusu ya nazi. Nikaomba maji ya kunywa. Akasema basi, kama ni mgeni, angusho la mwezi ujao halinihusu. Nikakubali! Kwa nini nilikubali? Papa alikuwa mtamu.

Wakati naondoka aliuliza lile tangazo la posho lasemaje. Yeye ana miaka sabini na mitatu. Ameomba mara mbili, akaambiwa nafasi za wadi zimejaa. Nikamwambia awe na subira.

Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi ya uzee. Nimetembea sebuleni na mkongojo wa marehemu mama mkwe. Huwaida alikuwa akichambua mchele. Akauliza nafanya nini. Nikasema najinyoosha mgongo. Akasema kwa jinsi anavyoniona mimi sihitaji mazoezi, na mkongojo niurudishe nilipoutoa.

Shuaib amejifanya msemaji wa wenye mashamba wote! Nani kamchagua? Ana minazi kumi na saba, nusu yake haizai. Alipita akiwa na karatasi na kalamu mbili mfukoni, akaniuliza kama nitafika kesho alasiri. Nikasema inshallah. Akauliza na asubuhi je? Nikajikohoza.

Mfuko wa nguo nimeuweka kwa mwenye duka mkabala na ukumbi. Nimemwambia ni wa mgeni wangu kutoka Mombasa.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika huku mgongo unaniuma. Safari hii ni kweli.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Hapo ndipo palipoharibika. Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja mwenye miwani na sauti ya huruma. Nilipoitwa nilichukua dakika nzima kufika mbele. Akauliza umri. Sabini na mbili, nikasema, nikahema. Akauliza naishije. Nikasema kwa rehema za Mola na kikombe cha uji. Mbunge mmoja akafuta macho! Nami nikaongeza kuhusu macho yangu, magoti na usingizi. Laiti ningekoma kwenye uji.

Maana mwenyekiti akasema mzee huyu asirudi nyuma. Akae hapa mbele, siku nzima, wajumbe wamwone na wakumbuke fedha za umma ni za nani. Nikaletewa kiti chenye mito. Nikaomba ruhusa niende nje. Wakanipa askari wa kunishika mkono, akanipeleka msalani na kunirudisha. Duka nililiona kwa macho tu.

Chakula cha mchana kilikuwa biriani. Nililazimika kuitafuna kama asiye na meno.

Alasiri. Karani akaita: "Bwana R. O. Bakr, mwenye shamba, Pate!" Akaita tena. Kiti kikawa moto. Mara ya tatu Shuaib akainuka nyuma, akasema kwa adabu kubwa kwamba bwana huyo ni mtu wa shughuli nyingi, pengine angali anabadili nguo. Yule mwenye duka! Ulimi hauna mfupa ule!

Nikaandikwa sikufika.

Kisha wakamwita mpangaji. Sikujua kama atakuja. Mwanamkisi akaja na buibui lake la safari, akaapa, akaeleza tangu alipoingia shambani na marehemu mumewe. Minazi mingapi walipanda, mingapi ilikufa, nusu ngapi ametoa. Alihesabu miaka kwa harusi za watoto wake. Akaulizwa kama anamjua mwenye shamba. Akageuka, akaniona juu ya mito yangu.

"Si huyu hapa! Bwana Ridhwani!" Akashika kifua. "Masikini, umepatwa na nini? Juzi uliondoka kwangu mbio kama mtoto!"

Wallahi hakuwa na hila. Alikuja mpaka kitini, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kunisomea dua mbele ya kamati. Watu wakaitikia amina. Shuaib aliitikia kuliko wote.

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza mimi ni nani kati ya hao wawili, fukara au mwenye shamba. Nikikana shamba, limekwenda. Nikilikubali, posho imekwenda. Nikafikiri haraka, nikasimama wima bila mkongojo, mkono wa Mwanamkisi ungali kichwani, nikasema shamba ni langu na huyu mama ni mgeni tu.

"Mgeni wa miaka ishirini na minane?" akauliza mwenyekiti.

Ukumbi ukacheka hadi karani akaangusha faili. Mwanamkisi hakucheka. Aliondoa mkono wake kichwani mwangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Uamuzi. Nimefutwa kwenye orodha na nitarudisha nilichochukua. Mwanamkisi apewe mkataba wa maandishi. Na nafasi yangu ya posho, kwa kuwa ni ya wadi ya Pate niliyojiandikisha kwa ajili ya foleni fupi, imekwenda kwa aliyekuwa akifuatia. Wakasoma jina. Mwanamkisi.

Miaka miwili amekuwa nyuma yangu kwenye orodha, nafasi moja tu. Sikujua. Sikuuliza pia.

Msikitini watu watatu walinisogezea kiti cha wazee. Mnunuzi wa Shela kapiga simu, amepata shamba kwingine. Huwaida amepika kunde. Halafu akasema neno moja: nimpelekee Mwanamkisi mkataba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nimwombe radhi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekwenda Pate. Mwanamkisi alisoma mkataba mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, akatia sahihi kwa herufi nzuri kuliko zangu. Nikaomba radhi. Akasema amenisamehe, lakini leo hakupika papa.

Njiani kurudi niliahidi, mbele ya bahari na abiria kumi na wanne, kwamba mimi na fomu za serikali basi.

Jumatatu, 15 Septemba

Tangazo jipya ukutani! Kaunti itawasaidia wavuvi waliopoteza vyombo vyao baharini. Sijapata kumiliki hata ngalawa. Lakini fomu haiulizi kama ulikuwa na chombo, inauliza kilizama wapi. Nimeichukua. Shuaib kachukua mbili, mroho yule.

Kesho mapema nakwenda Shela kutafuta mahali penye kina cha kutosha.